Unasali Wapi? Mambo ya Kutarajia Unapoabudu na Wenzako

Ukihamia mji mpya, swali hili hukufikia kabla hujamaliza kufungua mabegi. Jirani atakuuliza, mwenzako wa ofisini atakuuliza, mwenye nyumba naye hatabaki nyuma. Watumishi waliohamishiwa Dodoma tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko wanalijua vizuri, sawa na mwanafunzi aliyepangiwa chuo mkoa wa mbali au binti aliyeolewa ugenini. Wapo wanaojibu papo hapo. Wapo pia wanaosema "bado natafuta", na jibu hilo likadumu miaka miwili: wiki hii huku kwa sababu kwaya ni nzuri, wiki ijayo kule kwa sababu ibada ni fupi na saa kumi kuna mpira.

Makala hii ni ya hao wanaotafuta, pamoja na wale waliokaa mbali na kanisa muda mrefu na sasa wanataka kurudi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Anayeingia kanisani akitarajia kuguswa moyo kila Jumapili atakata tamaa kabla ya Pasaka. Anayetarajia kufahamika, yaani kufika mahali ambapo watu wanalijua jina lake, nyumba yake na shida yake, na wanavipeleka vyote mbele za Mungu, huyo ana nafasi kubwa ya kukipata anachokitafuta. Ila ajue kwamba kufahamika kuna gharama zake.

Utaratibu ni wa kale

Mgeni hudhani kila dhehebu limejitungia mambo yake. Tofauti zipo, na nyingine ni kubwa, lakini kiunzi cha ibada ni kilekile tangu karne ya pili. Karibu mwaka 155, mwalimu mmoja wa Roma aitwaye Yustino, aliyekuja kuuawa kwa ajili ya imani yapata miaka kumi baadaye, alimwandikia Kaisari Antonino Pio kumweleza Wakristo hufanya nini wanapokutana, maana mitaani walikuwa wakizushiwa mambo ya kutisha. Alichokieleza hakina cha kutisha hata kidogo. Siku ya Jumapili watu wa mjini na wa mashambani hukusanyika mahali pamoja. Husomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu. Msomaji akimaliza, kiongozi hufundisha na kuonya. Kisha wote husimama na kuomba. Huletwa mkate, na divai iliyotiwa maji. Kiongozi hushukuru, watu huitikia Amina, kila aliyepo hupokea, na mashemasi huwapelekea wasiofika. Wenye nacho hutoa kwa hiari yao. Makusanyo huwekwa kwa kiongozi, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Chukua maelezo hayo uingie nayo Misa ya kwanza katika parokia yoyote ya Mwanza, au ibada ya Walutheri kule Moshi, au ya Waanglikana kule Muheza. Utayakuta karibu yote, na kwa mpangilio uleule. Kwa Wapentekoste, sifa na kuabudu zinaweza kuchukua saa nzima kabla ya neno, mahubiri nayo yakachukua saa nyingine, na Meza ya Bwana haiandaliwi kila wiki. Wasabato hukutana Jumamosi, wakianza na Shule ya Sabato. Kwao Meza ya Bwana kwa kawaida huwa mara moja kila robo mwaka na hutanguliwa na kutawadhana miguu, kwa hiyo mgeni asishtuke akiona mabeseni na taulo.

Katika maelezo ya Yustino, mimi huitazama zaidi ile sehemu inayohusu wasiofika na wenye shida. Mkate ulimfuata aliyekosekana, na sadaka ilimfuata mwenye shida. Ukitaka kupima kanisa unalolitembelea, usianze na ukubwa wa jengo wala ubora wa vyombo vya muziki. Sikiliza kama kuna anayejua nani hakuja leo, na kwa nini.

Siku ya kwanza

Uliza saa kabla ya kwenda. Makanisa mengi ya mjini yana ibada ya kwanza inayoanza saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, ya pili ikifuata saa tatu au saa nne. Ya kwanza kwa kawaida ni fupi kidogo, na hujaa watu wenye zamu na wafanyabiashara. Vaa nguo za heshima ulizonazo. Hakuna haja ya kukopa suti.

Ukisikia "Bwana Yesu asifiwe", itikia "Amina". Kwa Wakatoliki ni "Tumsifu Yesu Kristo", na jibu lake ni "Milele, amina". Kuna mahali wageni huombwa kusimama na kujitambulisha. Hapo taja jina lako, unakotoka na unakoishi sasa, basi. Kusanyiko halihitaji historia yako yote siku hiyo, na ukiileta yote watu wataanza kutazama saa. Lakini usijifiche kwenye benchi la mwisho. Kusimama huko kwa nusu dakika ndiko kutakakomfanya mama fulani akufuate mlangoni akuulize, "Kumbe unakaa mtaa wetu?"

Meza ya Bwana ina masharti, na ni vizuri kuyajua mapema kuliko kurudishwa ukiwa mbele. Kwa Wakatoliki hupokea Mkatoliki aliyekwisha kupata Komunyo ya kwanza na asiye na kizuizi. Kwa Walutheri, kwa desturi, ni aliyepata kipaimara. Makanisa mengi ya Kipentekoste hukaribisha yeyote aliyeokoka, mengine yakitaka awe amebatizwa kwa maji mengi. Kama hujui uko upande gani, baki umekaa na uombe ukiwa hapo hapo. Wanaobaki ni wengi kuliko unavyodhani.

Halafu kuna matangazo. Hii ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Watu huanza kukusanya mikoba, vijana hutoka kwenda kupiga simu. Mimi naitetea. Ni kweli matangazo mengine hurefushwa hadi yakalingana na mahubiri, na kiongozi anayesoma barua ya dayosisi nzima neno kwa neno anastahili kuambiwa na wazee wenzake. Lakini humo ndimo utasikia kwamba mzee fulani amelazwa na anahitaji damu, kwamba fulani na fulani wanatangazwa kufunga ndoa kwa Jumapili ya pili kati ya tatu, kwamba kikundi cha akina mama kitamtembelea mzazi siku ya Alhamisi. Hata hayo matangazo ya ndoa yana kazi ya ulinzi: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hutaka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, na kanisani ndipo mke aliyeachwa kijijini anapoweza kusikika kabla mambo hayajaharibika. Kaa hadi mwisho.

Sauti yako inatakiwa

Tarajia kuimba, hata kama sauti yako ni ya kukwaruza. Nunua au azima kitabu cha nyimbo cha kanisa husika: Walutheri hutumia Mwimbieni Bwana, Wasabato wana Nyimbo za Kristo, na Tenzi za Rohoni huzunguka katika madhehebu mengi. Wimbo wa kusanyiko humbeba hata asiye na maneno yake mwenyewe ya kumwambia Mungu wiki hiyo; aliyefiwa hufumba kinywa ubeti wa kwanza, na kufika wa tatu utamsikia.

Nyimbo hizi zina safari ndefu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa bado mwanafunzi wa teolojia pale Makumira karibu na Arusha, aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa lahani ya Kihaya. Leo Walutheri wa Ujerumani wanaimba tafsiri yake katika kitabu chao rasmi cha nyimbo, na wengi wao huenda hawajui Bukoba iko wapi. Kwa upande wa Wakatoliki, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano Misa ilisemwa kwa Kilatini. Hati ya mtaguso huo kuhusu liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, ndiyo iliyofungua njia kwa Kiswahili altareni na kwa ngoma na kayamba kusikika ndani ya kanisa bila mtu kunong'ona.

Nina lalamiko moja. Siku hizi vipaza sauti ni vikubwa kuliko nyumba. Watu sita wameshika maikrofoni, kinanda kimefunguliwa hadi mwisho, na mia tatu waliobaki wanapiga makofi tu kwa sababu hawajisikii wenyewe. Kama unaongoza sifa, jaribu kuzima mitambo kwa ubeti mmoja uone.

Sadaka, na yai lililouzwa mara mbili

Utapitishiwa kapu, huenda zaidi ya mara moja, na siku hizi namba ya kulipia kwa simu hubandikwa mlangoni. Ukishajiandikisha utapewa bahasha zenye namba yako kwa ajili ya ahadi ya mwaka. Toa ulicho nacho. Asiye nacho apite mbele na mikono mitupu au abaki amekaa. Hakuna Mkristo mwenye haki ya kumhesabia mwenzake.

Ukitaka kuona maana ya sadaka kwa macho yako, nenda usharika wa Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro au Meru. Ibada haiishii ndani. Watu hutoka kwa maandamano wakiimba, hufanya duara uwanjani, na mnada huanza. Mezani au chini kwenye nyasi pana mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, maziwa kwenye chupa iliyokuwa ya maji, miwa, jogoo aliyefungwa miguu. Vimeletwa na watu ambao wiki hiyo hawakuwa na fedha taslimu. Mzee wa kanisa mwenye sauti na utani ananadi: elfu mbili, mbili na mia tano, elfu tatu, nani anaongeza? Maparachichi matatu ambayo sokoni yangekwenda kwa elfu moja hufika elfu nane. Aliyeyanunua huenda akamkabidhi bibi aliyesimama pembeni na fimbo yake, au akayarudisha mezani yanadiwe upya, na yai moja likauzwa mara mbili kabla halijafika jikoni kwa mtu. Watu wanacheka. Mjane aliyelitoa yai lile yuko palepale duarani, anasikia bei ikipanda, wala hatajwi. Mchango wake mdogo umekua mbele ya macho yake kwa sababu wenzake wameamua ukue.

Haki yako, ukiwa mshirika, ni kujua fedha zinakwenda wapi. Usharika au parokia iliyo safi husoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya waumini na ina mhazini asiye ndugu wa kiongozi. Kuuliza kwa adabu si uasi.

Jumuiya ndiyo mlango wenyewe

Unaweza kuhudhuria ibada ya Jumapili mwaka mzima na asiwepo anayejua kuwa umeumwa. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, swali la kwanza kwa mgeni halikupaswa kuwa anasali wapi. Aulizwe jumuiya yake ni ipi.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa uchungaji katika nchi zao. Makanisa mengine nayo yana makundi ya aina hiyo, kwa jina hilo au jingine. Walutheri wa Tanzania nao huziita jumuiya. Kaya chache za jirani hukutana nyumba kwa nyumba katikati ya wiki jioni, au Jumamosi alfajiri kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye shughuli. Viti vya plastiki huazimwa kwa jirani. Mtoto analia, jogoo anawika, mtu anasoma somo la Jumapili ijayo kwa kusitasita, na fundi seremala analieleza vizuri kuliko ambavyo padre angelieleza, kwa sababu fungu lenyewe linahusu deni. Kisha zinakuja taarifa: nani mgonjwa, nani kafiwa, mchango wa nani haujafika. Maombi yanafuata yakiwa na majina ndani yake.

Hapa pia ndipo karatasi zinapoanzia. Ukitaka mtoto abatizwe, ukitaka kufunga ndoa, ofisi ya parokia au usharika itakuuliza barua kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya au mzee wa mtaa anayekufahamu. Kwa msiba hali ni hiyo hiyo. Familia nyingi zimepata aibu marehemu akiwa tayari mochwari, wakizunguka kumtafuta kiongozi wa kumzika mtu ambaye alikuwa Mkristo wa Krismasi tu. Wengine huuona utaratibu huu kama ukali usio na huruma, na viongozi wengine kweli huutumia kuwakomoa waliochelewesha michango, jambo lisilo na utetezi. Lakini fikiria upande wa pili: mchungaji anaombwa asimame mbele ya jeneza amseme mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Atasema nini?

Ukijiunga, utaombwa uikaribishe jumuiya kwako. Usisubiri ununue sofa.

Tarajia ugomvi pia

Waliokuambia kanisani kuna amani tupu walikuwa wanakuuzia kitu. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu wenye nafasi walikuwa wakila na kulewa kwenye meza ya pamoja huku maskini wakishinda na njaa. Yakobo aliwaonya wasomaji wake dhidi ya kumpa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwambia mwenye nguo chakavu akae chini. Hayo yaliandikwa kwa makusanyiko ya karne ya kwanza, na bado tunatenga viti vya mbele kwa wageni waheshimiwa.

Utaketi karibu na mtu unayemdai. Utagongana na mwenyekiti wa kwaya. Kwenye salamu ya amani utalazimika kumpa mkono mtu mliyenuniana tangu kikao cha mpaka wa kiwanja, na hapo utajua kama uliyokuwa ukiyaomba dakika tano zilizopita uliyamaanisha. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika uliacha desturi ya watu kuungama wazi makosa yao na kuombana radhi ana kwa ana, hata wamisionari Wazungu wakajikuta wakiwaomba radhi Waafrika waliokuwa wakiwadharau. Desturi hiyo wanauamsho waliiita kutembea nuruni. Ina hatari zake, maana siri nyingine hazifai kumwagwa hadharani, lakini imepatanisha nyumba nyingi.

Wapi pa kuwa macho

Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani Moshi walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu waliohimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliotafuta mahali pa kufahamika, wakampata mtu mmoja aliyetaka kuwamiliki.

Ondoka, na waambie ndugu zako kwamba umeondoka, ukiambiwa uache dawa za kisukari, shinikizo la damu au za kufubaza virusi kwa sababu umeombewa. Ondoka ukikatazwa kuongea na familia, ukitakiwa kuuza mali au kukopa ili upate muujiza, ukiona kiongozi haulizwi na yeyote wala hana wazee wa kumwambia hapana. Maombi kwa mgonjwa yapo tangu siku za mitume na yaendelee. Dawa nazo ziendelee.

Jumapili ambazo hutasikia kitu

Zitakuja. Mahubiri yatakupita, wimbo hautakugusa, utawaza mkopo wa benki kuanzia somo la kwanza hadi baraka. Usiamue kuhama kwa sababu ya Jumapili mbili za aina hiyo. Zaburi nyingi ni malalamiko ya watu waliohisi Mungu yuko mbali, na zimekuwa zikisomwa katika kusanyiko karne zote hizi kwa ajili ya watu wa namna yako. Siku huna imani ya kutosha, wenzako wanakiri kwa sauti, nawe umesimama katikati yao. Kwa mgonjwa au aliye safarini, kufuata ibada redioni au kwenye simu ni msaada mkubwa. Kwa mwenye afya aliye umbali wa dakika kumi, inakuwa njia ya kuabudu bila kuulizwa hali, na ukishaizoea ni vigumu kuiacha.

Jipe muda mahali pamoja, tuseme kuanzia Majilio hadi Pasaka, kabla ya kuamua. Ukiamua kubaki, rudi kwenye kanisa ulikotoka, au wapigie simu, uombe barua ya uhamisho. Wasabato huipata kupitia kwa karani wa kanisa, wengine kwa mchungaji au paroko. Ambatanisha nakala za cheti cha ubatizo, cha kipaimara na cha ndoa kama unavyo. Usimpe mtu akupelekee. Ipeleke mwenyewe siku ya kazi, ofisi ikiwa wazi, na kabla hujaondoka muulize katibu jumuiya ya mtaa wako wiki hii inakutana nyumbani kwa nani, na saa ngapi.